Tusiwafiche Watoto Asili Yao

Iko desturi moja katika nyumba zetu ambayo yafaa tuikemee. Mtu humtwaa mtoto asiyemzaa, humlisha, humsomesha, humpa hata jina lake. Hayo ni mema, nasi twayasifu. Lakini mtoto akikua na kuuliza habari za mama aliyemzaa, huambiwa kwamba hana shukrani, na anyamaze.

Hapa Tinde, ziachanapo barabara ya Nzega na ile ya Kahama, wapitao kwenda machimboni ni wengi, na watoto waachwao kwa jirani au vituoni si haba. Kijana mmoja alitujia tumwandikie barua ya kumtafuta ndugu yake, aliyechukuliwa na watu wengine wangali wadogo. Tulimwuliza jina alilopewa huko, mahali, na mwaka. Hakujua hata moja. Baadhi ya waliojua wamekufa, na walio hai walikataa kusema. Barua haikuandikwa.

Wako wasemao kwamba mtoto akijua asili yake atamwacha aliyemlea. Hatukubali. Esta alilelewa na Mordekai akijua kwamba baba na mama yake wamekufa. Naye alipokuwa malkia aliendelea kumtii. Wengine husema kwamba twaficha aibu ya mama. Je, ni haki mtoto alipe deni la wakubwa? Tena watoto wa tumbo moja waweza kuchumbiana pasipo kujua. Na ugonjwa wa seli mundu, ulio mwingi katika Kanda hii ya Ziwa, mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Asiyewajua atamjibu nini mganga?

Tutazame jirani zetu. Katika Kongo, Ruanda na Urundi, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwachukua watoto machotara kwa mama zao, ikawaweka katika nyumba za misheni. Wengine walipelekwa Ubelgiji kulelewa na wageni, na majina ya wengi yakabadilishwa. Wamezeeka wakitafuta mama zao. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliwaomba radhi, na mwaka 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua kwamba jambo walilotendewa wanawake watano wa Kongo lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lakini radhi haimrudishi mama aliyekwisha kufa.

Nasi tunayo sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na jamaa zake.

Basi, ninyi mleao, mtoto awe ameasiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu au amepokewa kwa mapatano ya wazee tu, andikeni jina la mama, la baba, la kijiji, na la kila ndugu. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti chake cha ubatizo, naye apewe akiwa na akili ya kuipokea. Waliomlea kwa upendo wana hofu gani?