Karata za Zak Dolan
Sisi tuliolelewa Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba, na kuwatazama wazee wa Kiluba wakizigawa kete za bao la kisolo kwa utulivu wa wenye hesabu, tuna haki ya kuzistahi karata za Zak Dolan, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, mjini Milwaukee, mwezi wa Agosti 1994, alipomshinda Mfaransa Bertrand Lestrée katika fainali. Lestrée alitegemea kasi. Dolan, kwa busara iliyo adimu, alitia katika fungu lake karata iitwayo Stasis, ambayo ikishatua mezani huwazuia wachezaji wote wasiziinue tena karata walizokwisha kuzilaza kwa matumizi, ilhali malaika wake, Serra Angel, hushambulia pasipo kulazwa, hata amri iliyowafunga wote isimdhuru yeye, na karata yake nyingine, Kismet, huiingiza mali ya hasimu uwanjani ikiwa imelala tayari. Watu husifu thamani ya karata zake, nami sikatai, kwani ile karata ya thamani kubwa, Black Lotus, ilikuwamo. Lakini nastaajabia zaidi, tena kwa dhati, ule ulinganifu wa fungu lake.