Msimkemee mtoto, pimeni maji

MWISHONI mwa juma lililopita nilivuka mpaka wa Namanga kwenda kuwajulia hali jamaa za rafiki yangu Mtanzania niliyesoma naye udaktari. Tulipita Longido na Arusha mjini, tukafika usiku kwao karibu na Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru.

Tulipokewa kwa ukarimu mwingi. Nilimwamkia mamake shikamoo, tukaandaliwa ndizi kwa nyama na makande. Lakini mjukuu wake wa miaka 11 alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka.

"Usimjali, baba," nyanya yake akaniambia. "Huyu ni mvivu wa mswaki. Hata shuleni wamemsema."

Nilimwomba msichana huyo afungue kinywa. Meno yalikuwa na mabaka ya kahawia na vishimo vidogo, lakini yalikuwa safi kabisa. Hapo niliona haya. Nilipokuwa daktari kijana huko Nakuru, nilimkemea mvulana mwenye meno kama hayo mbele ya mamake, nikamwambia akajifunze kupiga mswaki. Hakurudi tena kwangu.

Kosa si la mtoto bali ni la maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru, kama ile ya Bonde la Ufa huku kwetu, hutoa madini yaitwayo floraidi. Madini haya yakiwa kidogo huimarisha meno, na ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Yakizidi, huharibu jino lingali linaumbwa ndani ya ufizi, hasa katika miaka minane ya kwanza ya mtoto. Likisha kuota, hakuna mswaki utakaoondoa mabaka hayo. Anayekunywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kukakamaa viungo, na miguu ya watoto wengine hupinda.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kuna mito, chemchemi na visima, huko Meru na huku Kenya, vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa.

Lililonihuzunisha zaidi ni kwamba familia hii huchemsha maji kwa uangalifu, kama sisi madaktari tulivyowafundisha. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki ile ile. Isitoshe, makande yale, ambayo ni githeri yetu, yalikuwa yamelainishwa kwa magadi, nayo pia huwa na floraidi.

"Basi tunywe nini, daktari?" mama akaniuliza.

Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kumwambia mtu auache mto wake. Lakini maji ya kunywa na kupikia ni machache, yakilinganishwa na ya kufua, kuoga na kunywesha ng'ombe. Maji ya mvua yakikingwa kwa paa safi na kuwekwa katika tangi lenye kifuniko, hayana shida hii. Yawekewe watoto wadogo kwanza. Kuna pia machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, yanayopunguza floraidi. Hayo yanataka kubadilishwa mkaa kwa wakati. Magadi nayo iachwe; maharagwe yakilowekwa usiku kucha hulainika.

Serikali zetu mbili zina wajibu pia. Kisima kisifunguliwe kwa wananchi kabla maji yake hayajapimwa floraidi, na matokeo yatangazwe kwa lugha inayoeleweka, si kufungiwa katika faili.

Nawe mwalimu au mzazi, ukimwona mtoto mwenye meno ya kahawia, usimwaibishe. Muulize kwanza anakunywa maji ya wapi. Mimi sikumuuliza yule mvulana wa Nakuru, na sasa hata jina lake silikumbuki.