ZAWADI YA MWENYE KAMARI

Ndugu wafanya kazi, hapa Chepilat kila mwisho wa mwezi twanung'unika: kamari imekuwa ghali, zawadi zake zimepungua. Ni kweli. Mwaka 2023 ushuru wa dau ulipandishwa kutoka asilimia 7.5 hadi 12.5, Desemba 2024 ukafika 15. Julai 2025 sheria ikageuzwa, ikakata asilimia 5 pesa zikiingia tu, kabla mtu hajabahatisha.

Lakini twamshitaki nani? Zawadi ya mwenye kamari haina mapatano, akitaka huiondoa. Marupurupu tuliyopatana na mwajiri yana sahihi yake, akiyagusa tutamwuliza.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtegemea cha mwenye kamari je? Wenzetu, shilingi hiyo tulipe ada ya chama.