Usiache koki ikidondoka usiku kucha, toa maji kwenye bomba jioni

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Kitulo na vijiji vya jirani huku Makete, msimu wa baridi umefika. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku usio na mawingu, joto hushuka hadi nyuzi 0 na hata chini yake, na asubuhi tunakuta majani ya viazi yamekuwa meupe kwa barafu. Baridi hiyo hiyo ndiyo inayopasua mabomba.

Wengi wenu mmezoea kuacha koki ikidondoka usiku kucha ili maji yasigande. Ni kweli, maji yanayotembea huchelewa kuganda. Lakini kwa maoni yangu njia hii inatuumiza. Maji yetu ni ya mserereko, na tanki la kijiji hujaa usiku watu wakiwa wamelala. Kaya nyingi zikiacha koki wazi, asubuhi tanki halijajaa, na anayekosa maji ni jirani wa mwisho wa laini mwenye ng'ombe wa kunywesha. Tena huu ni wakati wa kiangazi, chemchemi zinapungua. Kama una mita, bili nayo ni yako.

Tuelewe kwanza bomba linavyopasuka. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Barafu huziba bomba, na inapozidi kukua husukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayana pa kwenda, presha inapanda, bomba linapasuka. Alfajiri huoni kitu. Jua likipanda barafu inayeyuka na maji yanamwagika, nawe uko shambani au mnadani. Unarudi unakuta viazi vya mbegu vimelowa, au unga wa dukani umeharibika.

Bomba lisilo na maji halipasuki. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Weka vali pale laini inapoingia kwako, na koki ndogo ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya laini yako.

2. Jioni kinga maji ya kutosha kwenye ndoo. Kisha funga vali, fungua koki ya juu ili hewa iingie, na fungua ya chini maji yatoke yote. Asubuhi funga koki ya chini ndipo ufungue vali.

3. Fukia bomba sentimita 60, yaani kupita goti la mtu mzima. Udongo hutunza joto, na jembe halitalifikia.

4. Sehemu inayobaki juu ya ardhi ifunge kwa magunia au sponji la godoro kuukuu, halafu zungushia nailoni. Gunia likilowa halisaidii kitu.

5. Bomba la bustani ya bondeni lianze kushughulikiwa. Hewa baridi hutelemka na kutuama bondeni, hivyo huko huganda kabla ya nyumba iliyo mlimani.

Likishaganda, usiwashe moto chini yake wala usimwagie maji yanayochemka. Plastiki itayeyuka au itapasuka. Funga vali, fungua koki, kisha kanda bomba kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ukianzia upande wa koki. Usipoweza, subiri jua. Ukifungua vali tena, kagua laini yote kabla ya kuondoka nyumbani.

Najua mtasema vali ni gharama. Ni kweli, lakini unainunua mara moja, na bomba likipasuka unanunua bomba, unamlipa fundi, na siku hiyo unachota maji mtoni. Ombi langu: jumuiya ya watumia maji ilete jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, tukubaliane kila kaya iwe na vali na koki zifungwe usiku. Aliyekwama kuchagua sehemu ya kuweka vali anione ofisi ya kata, tutakwenda kuangalia pamoja.