Mchezaji asiye na namba: Abaki au aachwe? Somo la Aliir Aliir

Kila msimu ukiisha, klabu za AFL, ligi ya soka la Australia, hupunguza wachezaji. Bajeti ya mishahara ina kikomo, hivyo asiye na namba ya uhakika ndiye wa kwanza kuangaliwa.

Lakini haraka ina gharama zake. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, hakuwa na namba ya kudumu Sydney Swans. Mwishoni mwa 2020 wakamwachia Port Adelaide.

Huko akapewa kazi moja: kukata mipira ya juu kwenye beki. Msimu wa 2021 akaingia kikosi bora cha ligi.

Kabla ya kumwacha mtu, klabu ijiulize: kiwango ndicho kimeshuka, au anachezeshwa pasipo pake?