Redio ya Roki na Wasikilizaji Waliogawanywa kwa Miongo

Iko katika Uingereza redio ya biashara iitwayo Absolute Radio, ambayo shughuli yake ni kupiga muziki wa roki pamoja na jamaa na majirani wa muziki huo, na ambayo haikuridhika kuwa redio moja kama zilivyo nyingi, bali imejizalia nyingine kwa kipimo cha miaka: iko ya nyimbo za miaka ya sitini, iko ya sabini, iko ya themanini, iko ya tisini, na iko ya mwanzo wa karne hii, kila moja imefungua mlango wake na kuketi kungoja wateja wake. Kwa upande wa tijara ubunifu huu ni hodari, wala sina haja ya kuubeza. Lakini kwa upande wa muziki wenyewe, na wa msikilizaji ambaye husemwa kila siku kuwa ndiye anayetumikiwa, naona kuwa una ila kubwa, nayo ni kwamba humrudisha mtu katika ujana wake, kisha humfungia humo.

Yafaa tujue kwanza asili ya redio hiyo. Ilizaliwa tarehe 30 Aprili 1993, saa sita na robo mchana, chini ya tajiri Richard Branson, kwa jina la Virgin 1215, na saa ile, ambayo kwa saa za Kizungu huandikwa 12:15, iliteuliwa makusudi ioane na namba ya masafa. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1990 ilikuwa imeruhusu redio za biashara zisikike nchi nzima, ila iliweka sharti kwamba mojawapo isiwe ya muziki wa kupendwa na vijana; na kwa kuwa leseni ya FM ya taifa ndiyo iliyofungwa na sharti hilo, ikachukuliwa na Classic FM, wapigaji wa Mozart na Beethoven, ambao walianza Septemba 1992. Watu wa roki walipewa makombo, yaani masafa ya kati yaliyoachwa na BBC Radio 3. Yeyote aliyewahi kuitafuta stesheni ya mbali usiku kwa kuzungusha kinobu polepole anaijua mikwaruzo ya masafa hayo, na mluzi wake, na namna sauti za ugenini zinavyoingilia mazungumzo bila ya kubisha hodi. Katika kelele hiyo ndimo gitaa la umeme lilimotiwa. Wimbo wa kwanza ulikuwa ni Born to Be Wild, ulioimbwa upya na INXS wa Australia, na sidhani kama aliyeuchagua alisita hata kidogo kufikiri kwamba wimbo wa watu waliozaliwa kuwa huru kama wanyama wa mwitu ulikuwa ukipigwa kwa idhini ya leseni, katika dakika iliyopangwa, kwa masharti ya Bunge.

Mambo ya umiliki nitayapita upesi. Mwishoni mwa 1997 redio ilinunuliwa na mtangazaji wake wa asubuhi, Chris Evans. Mwaka 2000 aliiuza, pamoja na kampuni yake ya televisheni, kwa SMG ya Scotland kwa paundi milioni 225, na mwaka uliofuata mabwana wapya wakamfukuza kazi. Mwaka 2008 SMG nao wakaiuza redio kwa kampuni iliyo mali ya wenye gazeti la Times of India, kwa paundi milioni 53 na kitu, na jina la Virgin likawa halina budi kuvuliwa, ndipo likavaliwa hili la Absolute. Tangu 2013 imo mikononi mwa Bauer wa Ujerumani. Tajiri anayenunua redio ambayo haina FM ya nchi nzima, katika zama ambazo kila kijana amebeba santuri elfu mfukoni, hana budi kutafuta hila ya kuifanya izae.

Hila ilipatikana katika utangazaji wa kidijitali. Katika masafa ya kati na katika FM, wimbi moja hubeba redio moja. Katika mfumo wa kidijitali wimbi moja hubeba redio nyingi pamoja, na gharama ya kuongeza moja zaidi ni ndogo kuliko ya kusimamisha minara mipya. Redio ya miaka ya themanini ilitangulia mwishoni mwa 2009, ya tisini ikafuata mwaka 2010, na hata kufikia mwisho wa 2011 mabinti hao watano niliowataja walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Mtangaza biashara anayeuza magari kwa watu waliokwisha lipa madeni ya nyumba hakutakiwa tena kununua nafasi katika redio ya kila mtu, maana aliweza kwenda moja kwa moja kwa wale waliokuwa wanafunzi wakati Duran Duran walipotamba.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ni namna kipindi cha asubuhi kilivyopangwa. Christian O'Connell, aliyekuwa mtangazaji wa asubuhi tangu 2006 hadi 2018, alizungumza mara moja na sauti yake ikaenda katika redio ya mama na za mabinti kwa wakati mmoja. Alipomaliza mzaha wake njia ziligawanyika, aliyefungua ya themanini akapata wimbo wa themanini, ndugu yake chumba cha pili aliyefungua ya tisini akapata Oasis, kisha baada ya dakika chache wote wakakusanywa tena kusikiliza mzaha mwingine. Fundi yeyote atakiri kwamba hiyo ni kazi ya ustadi, kwa maana nyimbo zenye urefu mbalimbali lazima zifikishwe kwenye kikomo kimoja. Walakini tazama gharama yake: mtangazaji anayesema na wote pamoja hawezi kunena neno juu ya wimbo uliokwisha pigwa, hawezi kusema kwamba gitaa lile lilipigwa na fulani, wala kwamba ubeti wa mwisho humtia simanzi, kwa kuwa nyimbo ni nyingi na kila sikio limesikia wake. Muziki umekuwa kitu cha kujazia nafasi kati ya maneno, na maneno yamekuwa hayana nasaba na muziki.

Nisije nikaonekana dhalimu, nitaje jema. Redio ya mama, ambayo huchanganya miaka, iliweka ahadi kwa wasikilizaji wake kwamba tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za kazi, hakuna wimbo utakaorudiwa; na kwa fundi wa gereji aliyeamka na redio na atakayefunga kazi nayo, ambaye katika redio nyingine husikia wimbo ule ule kabla ya chai na baada ya chakula cha mchana, ahadi hiyo ni rehema. Wala haikunipita kwamba ahadi yenyewe ni ya leo tu, na kwamba kesho wimbo ule ule waweza kurudi bila ya mtu kuvunja neno lake. Nyimbo katika redio za biashara hupangwa na kompyuta, na programu iliyoenea sana, Selector, ya kampuni ya RCS iliyoasisiwa Marekani mwaka 1979, hupima kasi ya wimbo, umri wake, jinsia ya mwimbaji, na saa zilizopita tangu asikike mara ya mwisho. Na kabla ya hapo nyimbo nyingi zilikwisha hukumiwa na watu waliosikilizishwa vipande vya sekunde chache, wakaulizwa kama wanazijua na kama wamezichoka. Mpango wa namna hii haukosei, na ndiyo sababu haushangazi. Kikubwa unachokiogopa ni mkono wa msikilizaji unaokwenda kwenye kitufe.

Sasa nimlete shahidi ambaye sisi wa pwani tuna haki naye. Farrokh Bulsara, aliyeujulisha ulimwengu jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na mwaka 1975 kundi lake la Queen lilitoa wimbo wa Bohemian Rhapsody, wenye urefu wa karibu dakika sita, usio na kiitikio cha kurudiwa, na wenye opera katikati. Wenye kujua biashara walisema ni mrefu mno kupigwa redioni. Kenny Everett wa Capital Radio ya London alipata nakala kabla haijatolewa, akaanza kwa kuonjesha kipande, kisha akaupiga wote, na yasimuliwa kwamba aliupiga mara 14 katika mwisho wa juma mmoja, hata watu wakaenda madukani Jumatatu kuitafuta santuri ambayo bado haijafika. Nami nasisitiza jambo hili: Capital Radio ilikuwa redio ya biashara, iliyofunguliwa 1973 ili ipate faida kwa matangazo, tena ikaipata. Kwa hiyo lawama yangu si juu ya biashara. Biashara ile ile iliwahi kumpa mtu mmoja mkaidi nafasi ya kupendelea, na kwa upendeleo wake mwana wa Unguja akafika alikofika.

Leo Queen hupigwa mno katika redio za roki, na hapo ndipo upuuzi wa kugawa kwa miongo unapoonekana kwa macho. Katika sahani moja ya mwaka 1980, The Game, umo wimbo wa Crazy Little Thing Called Love, uliotoka peke yake Oktoba 1979, na umo wa Another One Bites the Dust, uliotoka 1980. Kwa hesabu ya tarehe za santuri, wa kwanza ni wa redio ya sabini na wa pili ni wa redio ya themanini, ilhali vyote ni vyombo vya jiko moja na wapishi ni wale wale. Na mtu aliyefungiwa katika tisini, ambaye hupenda kundi la zama zake bila ya kujua kwamba nusu ya sauti yake imerithiwa kutoka kwa Queen au Led Zeppelin, hataambiwa nasaba hiyo na mtu yeyote.

Nitajibiwa kuwa watu wapenda nyimbo za ujana wao, na kuwapa wanachokipenda si dhambi. Kweli si dhambi. Lakini wasomaji waliokulia na vipindi vya salamu wanakumbuka kwamba nusu saa moja ilikuwa na ombi la mzee wa shamba na ombi la msichana wa shule, na kila mmoja alilazimika kuusubiri wimbo wake kwa kuustahimili wa mwenziwe, na aghalabu katika kustahimili huko ndiko mtu alikopata wimbo ambao hakuwa ameuomba na ambao hakuuacha tena. Kijana wa leo anayetaka nyimbo zake peke yake anazo katika simu, bila ya tangazo la magari kati yake. Redio haiwezi kumshinda kwa kumpa kile kile. Iliwezalo redio, na simu isiliweze vizuri, ni kumweka mtu mwenye jina na dhamiri amwambie msikilizaji: huu huujui, nami nakuomba uusikilize.

Katika Mei 2021 masafa ya FM 105.8 ya London, ambayo redio ya mama ilikuwa nayo tangu 1995, yalitwaliwa na Greatest Hits Radio, mali ya bwana yule yule, yenye kupiga vipenzi vya zamani. Na Januari 2023 masafa ya kati nayo yakazimwa. Hivyo redio ya mama, ambayo ndiyo inayochanganya, ilipungukiwa na milango ya kuingilia.

Ombi langu kwa wakubwa wa mtandao huo si kubwa. Wasizifunge redio za miongo. Watoe tu katika kila moja wimbo mmoja kwa saa, usiochaguliwa na kompyuta, usio wa muongo ule, unaoletwa na mtangazaji aliye zamu, naye autaje na aeleze kwa nini ameuleta. Katika saa yenye nyimbo kumi na kitu, hiyo si sadaka ya kuwafilisi. Uingereza hupima usikilizaji kwa madaftari ambayo watu huyajaza kwa juma zima na kuyarudisha kwa shirika la RAJAR, na hesabu hutangazwa kila robo ya mwaka. Basi wajaribu kwa robo moja, na kama madaftari yatasema kwamba watu wamekimbia, nitakuwa wa kwanza kuandika hapa kwamba kompyuta ilikuwa na haki.