Kompresa ya nyumbani: nunua upepo, usinunue tangi

Anayepita Darajani au Mlandege siku hizi ataziona zimepangwa nje ya maduka ya vifaa: kompresa nyekundu na za buluu, tangi la lita 50 au 100, magurudumu mawili, na karatasi iliyobandikwa ubavuni ikitaja nguvu za farasi. Vijana wanaotoka kwenye mafunzo ya amali wanazinunua kwa fedha za kibati, wanazipeleka uani kwao Mwanakwerekwe au Bububu, na kuanza biashara ya kupuliza rangi mageti, grili za madirisha na milango ya magari. Hilo ni jema. Unguja ni kisiwa, chuma hakina maisha marefu karibu na bahari, na kazi ya kuondoa kutu na kupaka rangi haitakwisha leo wala kesho.

Tatizo ni maneno ya wauzaji: "Hii inafanya zote mbili." Maana yake ni kwamba mashine hiyo hiyo itapiga mchanga kuondoa kutu asubuhi, na jioni itapuliza rangi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kompresa ya namna hiyo inayoweza kuendeshwa kwa umeme wa kawaida wa nyumbani haipo, na anayeinunua kwa kutegemea hivyo anauunguza mtaji wake.

Tuchukue hesabu. Bunduki ya kawaida ya rangi hunywa kiasi cha lita 200 hadi 300 za upepo kwa dakika, tena fundi huachia kifyatulio kila anapofika mwisho wa mstari, na mashine hupata nafasi ya kupumua. Mchanga ni habari nyingine. Nozeli ndogo yenye tundu la inchi 1/8, kwa mgandamizo wa bar 6, hunywa karibu lita 520 kwa dakika mfululizo. Tundu likiwa la inchi 1/4 zinahitajika zaidi ya lita 2,000.

Kompresa ya nguvu ya farasi 3, ambayo ndiyo kubwa kwa nyumba nyingi, ikitoa lita 200 za kweli kwa dakika imejitahidi. Tangi la lita 100 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 linakuwa limetoa lita 200 za akiba, basi. Kwa nozeli ile ndogo, akiba hiyo inakwisha kwa sekunde zisizofika 40. Baada ya hapo fundi anasimama dakika nzima kusubiri. Kazi ya saa 1 ya kupiga mchanga inachukua zaidi ya saa 2 na nusu, na muda wote huo mota inaunguruma na pistoni inapata moto. Mashine hizi ndogo hazikutengenezwa kwenda mfululizo hivyo.

Mtoto wa ami yangu alilijua hilo kwa gharama. Alikuwa wa kwanza kupokea katika kibati cha watu 10, akanunua kompresa katika duka ambalo sitalitaja, akachukua kazi ya kusafisha na kupaka rangi mageti ya nyumba moja ya wageni pwani. Siku ya nne mota ilitoa moshi. Dukani aliambiwa garantii ni kwa rangi tu. Mwenye mageti alitaka malipo yake ya awali yarudishwe, na kibati, kama msomaji ajuavyo, hakijui mota wala moshi: ilimbidi aendelee kuchangia miezi 9 kwa ajili ya mashine iliyolala uani.

Wapo watakaosema dawa ni kununua kubwa zaidi. Hapo tunakutana na umeme. Mota ya farasi 3 ni kilowati 2.2, na inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Katika nyumba za Mji Mkongwe ambazo waya zake ni za zamani, ukiongeza eksitensheni ndefu nyembamba, umeme unafika umechoka. Mota inanguruma bila kuzunguka, na hapo ndipo inapoungua. Mashine ya kupiga mchanga sawasawa inadai umeme wa fezi tatu au injini ya dizeli. Zile za injini ndogo ya petroli zilipata sifa Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, lakini tangu waya mpya wa baharini wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013 sioni sababu ya fundi wa mjini kununua petroli kila siku kwa upepo ambao hauzidi sana ule wa mota ya farasi 3.

Jambo la pili ambalo karatasi ya ubavuni haitaji ni maji. Hewa yetu ni ya unyevu. Kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika inakamua takriban robo lita ya maji kila saa. Maji hayo yasipozuiwa yanapita kwenye mpira, yanatokea kwenye bunduki, na rangi inafanya vipele na matundu. Fundi analaumu rangi, muuza rangi analaumu tina, kumbe kosa ni tangi ambalo halijafunguliwa koki ya chini tangu linunuliwe. Kichujio cha maji kiwe sehemu ya bei tangu siku ya kwanza, nacho kifungwe mbali kidogo na mashine, upepo ukiwa umepoa.

Na mchanga wenyewe? Ule mweupe wa pwani ni wa matumbawe, laini, na una chumvi. Ukiupiga kwenye geti unaipanda kutu mpya chini ya rangi mpya. Ule wa mashimo ya bara una silika, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Uingereza ilipiga marufuku kupiga mchanga wa aina hiyo kwa kanuni za mwaka 1949. Sisi tunaupiga uani, kitambaa kimefungwa puani, watoto wanacheza hatua tano kutoka hapo na bibi mwenye pumu amekaa barazani. Kitambaa hakizuii vumbi la silika. Katika vichochoro vya Mkunazini au Malindi, ambako dirisha linatazamana na dirisha, vumbi hilo ni la mtaa mzima.

Ndani ya Mji Mkongwe nitakuwa mkali zaidi. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mchanga wa kasi unazichuna ngozi, na mlango wa nakshi unapoteza katika dakika chache kazi ya mikono ya miezi. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka ya kuuhifadhi tangu 1985. Anayetaka kugusa kuta aanze huko, asianze dukani.

Basi kijana anunue nini? Anunue kompresa ya rangi, ya mkanda ikiwezekana maana haipati moto haraka na kelele zake ni za wastani, na kutu aiondoe kwa grainda yenye brashi ya waya, kisha aoshe chumvi kwa maji baridi ya mfereji, akaushe na kupaka praima siku hiyo hiyo. Mageti makubwa yasubiriane. Mafundi 6 au 7 wa mtaa mmoja wakikusanya kazi zao wanaweza kukodi kwa siku kompresa ya dizeli ya magurudumu, ya aina wanayotumia wakandarasi kuvunjia mawe, wakaipeleka shamba mbali na nyumba pamoja na ganeti badala ya mchanga na kofia inayoletewa hewa safi. Gharama ya siku moja ikigawanywa kwa mageti 20 si ile ya kuogopesha. Kibati kingefaa zaidi hapo.

Na kabla ya kulipa, aende dukani na saa. Tangi la lita 100 likijazwa kutoka sifuri hadi bar 8 limepokea lita 800 za upepo. Gawa kwa dakika zilizotumika. Wiki iliyopita niliomba kujaribu moja iliyoandikwa lita 350 kwa dakika. Ilijaa kwa dakika 4, yaani lita 200. Muuzaji aliitazama saa yangu, kisha akaniambia, "Bei tunaweza kuzungumza, ndugu yangu."